Baba, chora wewe

Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka miwili na nusu hivi, alizoea kunishikisha krayoni mkononi na kuniambia, "Baba, chora wewe." Nami, kwa ujinga uliochanganyika na majivuno, nilichora. Nilimchorea samaki, nikamchorea nyumba yenye paa la pembetatu, nikamchorea paka mwenye sharubu sita, naye akacheka na kupiga makofi hata nikadhani kwamba ninamfundisha. Ilinichukua karibu miezi mitatu kung'amua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha kabisa kuchora. Mtoto aliyekuwa akijaza karatasi kwa michirizi bila kuombwa na mtu sasa alikuwa amegeuka mtazamaji, na kila nilipomrudishia krayoni alimtazama yule samaki wangu, kisha akasema, "Siwezi."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa nilijua limetoka wapi. Kwa hiyo mdogo wake alipofikisha miezi 15 niliamua kuanza upya, safari hii nikiwa nimesoma kidogo, nimetazama sana, na nimejifunza kuweka mikono yangu mifukoni. Haya ninayoyaandika yametokana na watoto hao wawili, mmoja niliyemkosea na mwingine aliyefaidika na kosa hilo.

Jambo la kwanza nililolazimika kulielewa ni kwamba mtoto wa umri huo hachori kitu. Sisi watu wazima tunaposema "kuchora" huwa tunamaanisha kuchora kitu fulani, ndiyo maana tukiona karatasi iliyojaa mistari ya ovyo tunahisi kuna jambo limepungua. Lakini kwa mtoto aliyeanza kutembea juzi, kuchora ni mkono kupita na njia yake kubaki ikionekana. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani James Gibson na Patricia Yonas walieleza jaribio lililonivutia kwa wepesi wake: waliwapa watoto wadogo kifaa cha kuchorea kinachoacha alama, na kingine kinachofanana nacho ambacho hakiachi alama yoyote. Kile kisichoacha alama watoto walikichoka upesi. Maana yake ni kwamba raha haiko katika kutikisa mkono peke yake, wala haiko katika picha, ambayo haipo bado. Raha iko katika kugundua kwamba "mimi nimefanya hivi, na hiki hapa nilichokifanya."

Ukishalielewa hilo, michirizi inaanza kuonekana kwa jicho jingine. Mwalimu mmoja wa watoto wa shule ya awali nchini Marekani, Rhoda Kellogg, alitumia miaka mingi kukusanya michoro ya watoto wadogo, mamia ya maelfu ya karatasi, na katika rundo hilo akatambua aina 20 za michirizi ya msingi: nukta, mstari wa kusimama, mstari wa kulala, wa mshazari, uliopinda, wa kwenda na kurudi, wa mzunguko unaojirudia, na kadhalika. Baada ya kusoma habari zake niliketi usiku mmoja na karatasi za mwanangu za mwezi mzima, nikaanza kuzipanga kama mtu anayepanga stempu. Sikuzipata zote 20, lakini nilipata nyingi kuliko nilivyotarajia, na nilichokuwa nikikiona kama fujo moja kikawa na mfuatano: wiki za nukta tupu, kisha mstari unaofagia kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha, ghafla, mizunguko juu ya mizunguko kana kwamba amegundua gurudumu.

Mfuatano huo una sababu yake mwilini. Mtoto mdogo huchora kwa bega. Uwezo wa kutawala mwendo hushuka polepole kutoka begani kwenda kwenye kiwiko, kisha kwenye kifundo cha mkono, na mwisho kabisa hufika vidoleni. Hata mifupa midogo ya kifundo, ambayo kwa mtu mzima ni 8, mtoto huzaliwa ikiwa bado gegedu, na huchukua miaka mingi kukamilika kuwa mfupa. Ndiyo maana kumpa mtoto wa mwaka mmoja na nusu kidaftari kidogo na kumtaka asivuke ukingo ni sawa na kumwambia mtu acheze ngoma ndani ya kabati. Mkono wake unahitaji nafasi. Tangu nilipobandika karatasi kubwa ukutani kwa utepe wa gundi, usawa wa kifua chake, ili achore akiwa amesimama, mambo yalibadilika: alianza kufikia juu, kuchuchumaa, na kutembea huku akivuta mstari mmoja kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Sakafuni pia panafaa, lakini hapo ni lazima karatasi ibandikwe pembe zote nne, kwa sababu mtoto hajajua bado kutumia mkono mmoja kuchora na mwingine kushikilia, na karatasi inayoteleza humkasirisha kuliko krayoni iliyovunjika.

Kuhusu namna ya kushika krayoni, ushauri wangu ni mfupi: mwache. Mwanzoni ataikamata kwa ngumi nzima kama mtu anayetwanga, baadaye, kati ya miaka 2 na 3, ataigeuza na kuishika kwa vidole vinavyoelekea chini, na ule ushikaji wa vidole vitatu tunaoujua sisi kwa kawaida hauanzi kuonekana hadi anapokaribia miaka 4. Kumpanga vidole kabla ya hapo ni kumkatisha kazi. Vivyo hivyo kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto. Mimi huiweka krayoni katikati ya meza, mbele ya kifua chake, achukue kwa mkono anaoutaka. Wengi bado hubadilishabadilisha mikono katika umri huu, na si kazi yetu kuwaamulia.

Sasa nije kwenye vifaa, ambako ndiko nilikopoteza pesa nyingi kwa binti yangu. Nilimnunulia sanduku la krayoni 24 na kitabu cha kupaka rangi chenye picha za wanyama. Zile krayoni 24 alizimwaga, akazirudisha sandukuni, akazimwaga tena, na huo ndio ukawa mchezo wenyewe. Kuchagua rangi moja kati ya 24 ni kazi inayomshinda hata mtu mzima aliyetulia. Kitabu nacho kilimwekea mpaka ambao bega lake halikuweza kuuheshimu. Mwanangu nilimpa krayoni moja. Moja tu, nyekundu, nene kama kidole gumba changu, kwa muda wa wiki nzima, kisha nikamwongezea ya buluu. Sikuona dalili yoyote kwamba amenyimwa kitu.

Krayoni za kawaida ni nta ya parafini, itokanayo na mafuta ya petroli, iliyochanganywa na rangi, na tofauti kati ya iliyo nzuri na iliyo mbaya ni ugumu wa nta hiyo. Ijaribu mwenyewe kabla ya kumpa mtoto: ishike kwa ncha za vidole bila kukandamiza, uipitishe juu ya karatasi. Ikiacha alama hafifu, mtoto asiye na nguvu za vidole ataona haimjibu, na utakumbuka yaliyowapata watoto wa lile jaribio la kifaa kisichoacha alama. Kwa sababu hiyo hiyo simpi kalamu ya risasi. Hapa niweke wazi jambo moja, kwa kuwa jina lake limewatia hofu wazazi wengi: ndani ya kalamu ya risasi hakuna risasi. Kuna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, utaratibu ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliusajili mwaka 1795, na hiyo grafiti haimdhuru mtoto anayeilamba. Kinachonifanya niiweke mbali ni ncha yake kali, hasa kwa mtoto anayetembea huku ameishika, pamoja na mstari wake mwembamba wa kijivu unaodai mkandamizo ambao hana.

Kuna mvutano mmoja wa kweli katika suala la krayoni, nami sitaki kuuficha. Walezi wengi husifu vipande vifupi vya krayoni, na wana haki: kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, hivyo mtoto hulazimika kutumia ncha za vidole na kuvizoesha kazi. Lakini kipande kifupi ndicho hasa kinachoweza kumkaba koo. Wanaopima usalama wa vitu vya watoto wa chini ya miaka 3 hutumia bomba dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kitu chochote kinachoingia ndani yake chote huhesabiwa kuwa ni hatari. Kipande cha krayoni cha urefu wa nusu kidole huingia bila shida. Mimi nimeamua hivi: kabla ya miaka 3, krayoni nene na nzima, au zile zenye umbo la yai ambazo hazimezeki; vipande hukusanywa kwenye kopo juu ya kabati, vikingoja wakati wake. Ikivunjika mezani, ninaiokota hapo hapo. Sijui kama ni woga wa kupita kiasi, lakini ni woga ninaoweza kulala nao.

Pamoja na hayo, soma maandishi yaliyo kwenye sanduku. Bidhaa za kuaminika huonyesha viwango zilivyotimiza, kama vile EN 71 vya vitu vya kuchezea katika Ulaya au ASTM D-4236 vya vifaa vya sanaa nchini Marekani. Maneno "haina sumu" hayamaanishi kwamba ni chakula. Yanamaanisha kwamba mtoto akilamba au kutafuna kidogo, kama atakavyofanya, hutarajii madhara. Kalamu za wino wa rangi zinazooshwa kwa maji ninazipenda kuliko nilivyotegemea, kwa sababu hazidai nguvu yoyote na rangi yake hukolea papo hapo, lakini zile za wino usiofutika, zenye harufu kali ya kemikali, sizileti nyumbani kabisa. Vifuniko vya kalamu ninavikusanya mimi kabla ya shughuli kuanza. Umewahi kujiuliza kwa nini vifuniko vingi vina tundu kwenye ncha? Si mapambo: tundu hilo limewekwa ili mtu aliyekimeza kikamnasa kooni aweze kupitisha hewa. Kujua hilo kulinitosha kuvikusanya.

Rangi za majimaji niliziogopa kwa muda mrefu, na nikiri kwamba hofu yangu ilikuwa juu ya sakafu, si juu ya mtoto. Njia iliyonivusha ilikuwa maji matupu. Nilimpa brashi pana yenye mpini mfupi na bakuli lenye maji kidogo, nikampeleka kwenye sakafu ya saruji nje ya mlango, akachora. Saruji kavu ikilowa huwa nyeusi, kisha jua huifuta, na mwanangu aliganda akitazama mstari wake ukitoweka, akachora mwingine, akangoja. Hakuna kitu cha kusafisha baada ya mchezo huo, wala hakuna karatasi inayopotea, na mkono umejifunza kuchovya, kubeba na kupitisha. Bakuli liwe na maji ya kina cha kidole tu, na mtu mzima asiondoke hata kwa dakika moja, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache sana.

Tulipofika kwenye rangi yenyewe, nilijifunza kutowahi kutoa zaidi ya mbili kwa mara moja. Toa nyekundu, njano na buluu kwa pamoja, na baada ya dakika mbili utakuwa na rangi ya matope, kwa kuwa rangi hizo tatu zikichanganyika zote huuana. Toa njano na buluu peke yake, na kijani kitazaliwa mbele ya macho yake bila wewe kusema neno. Kwa mtoto asiyependa kuchafuka vidole, nao wapo wengi na hawana kasoro yoyote, vijiko viwili vya rangi ndani ya mfuko wa plastiki mzito uliofungwa na kubandikwa mezani vinatosha: atabonyeza, atasukuma, ataona rangi ikikimbia chini ya kidole chake, na mkono utabaki mkavu. Unga uliokandwa kwa maji na chumvi nao ni mzuri kwa kufinyangafinyanga, ingawa chumvi yake ni nyingi mno na mtoto akiula kwa wingi ataumia, hivyo simwachi nao peke yake.

Muda nao ni mfupi. Dakika tatu, tano, wakati mwingine moja na nusu, kisha anashuka kitini na kwenda zake. Nilikuwa nikimwita binti yangu arudi amalizie, kana kwamba kuna kitu cha kumalizia. Siku hizi naacha karatasi mahali pake na krayoni juu yake, na mara nyingi mwanangu huipitia tena saa moja baadaye kama mtu anayepita dukani kwa rafiki yake. Sharti ni moja tu, nalo nalirudia kwa maneno yale yale kila siku: "Tunachora kwenye karatasi." Likivunjwa, sifoki. Namwonyesha karatasi iko wapi. Na likivunjwa mara ya pili, krayoni inakwenda kulala hadi kesho.

Ukuta wetu, bila shaka, ulichorwa. Nilipokuwa nikiusugua kwa kitambaa chenye sabuni nilijifariji kwa habari za Mwitaliano Corrado Ricci, ambaye mwaka 1887 alichapisha mojawapo ya maandishi ya mwanzo kabisa kuhusu michoro ya watoto. Jambo lenyewe lilimvutia siku alipojikinga mvua chini ya baraza mjini Bologna na kuona ukuta uliochorwachorwa na watoto. Mtu mwingine angeona uchafu.

Sasa narudi kwa binti yangu, kwa sababu katika vifaa vyote nilivyovitaja, kilichomharibia hakikuwa krayoni wala kitabu bali kinywa changu na mkono wangu. Kwanza nilikuwa nikimuuliza kila mara, "Nini hiki?" Ni swali la upendo, lakini linamwambia mtoto kwamba mchoro ni lazima uwe wa kitu. Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyeichunguza michoro ya watoto, wakiwamo wake mwenyewe, alibaini kwamba mwanzoni mtoto huchora bila nia ya kuonyesha chochote, kisha akimaliza huona kwa bahati kwamba mstari wake unafanana na kitu na kuupa jina. Jina huja baada ya mstari. Ukiliuliza mapema, atakubunia lolote ili akuridhishe, au ataona aibu kwa kutokuwa nalo. Siku hizi nasema ninachokiona tu: "Umezungusha mkono mara nyingi hapa." "Hii nyekundu umeikandamiza sana." Na mara nyingi zaidi sisemi kitu, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika.

Pili, nilimchorea. Samaki wangu, hata akiwa mbaya kiasi gani, alikuwa mbali mno na uwezo wa mkono wa miaka miwili. Watoto wengi huweza kuiga mstari wa kusimama wanapokaribia miaka 2, huweza kufunga duara karibu na miaka 3, na msalaba hungoja hadi karibu na miaka 4. Na mtu wao wa kwanza huwa ni kichwa chenye miguu inayotoka moja kwa moja kidevuni, bila kiwiliwili. Mimi nilikuwa nimemwekea mezani kitu cha mtoto wa miaka 7 na kumwambia, kwa tabasamu, kwamba hivi ndivyo inavyofanywa.

Kumrudisha kulichukua wiki nyingi. Sikumkatalia kwa ukali aliposema "Baba, chora wewe". Nilichofanya ni kuchukua karatasi yangu mwenyewe, kukaa kando yake, na kuchora kama alivyokuwa akichora zamani: nukta, mikwaruzo, mizunguko, kwa mkono wangu wa kushoto ili nisishawishike kuonyesha ustadi. Mwanzoni alinishangaa. "Baba, hiyo si kitu," aliniambia, nami nikamjibu kwamba ni kweli, si kitu, ni mistari tu, na nikaendelea. Siku ya nne au ya tano alinyoosha mkono na kupiga nukta moja kwenye karatasi yangu, si kwenye yake. Nikapiga nyingine kando yake. Tukapigiana nukta mpaka karatasi ikatoboka, na kesho yake akaomba karatasi yake mwenyewe.

Karatasi za watoto hawa haziwezi kutunzwa zote, na nimeacha kujaribu. Nachagua mbili au tatu kwa mwezi, naandika nyuma yake tarehe na maneno aliyoyasema mtoto kama aliyasema, bila kurekebisha. Kuna moja ya mwanangu, mizunguko ya buluu iliyopandana hadi katikati pakawa peusi, ambayo nyuma yake nimeandika majina matatu kwa kalamu tofauti. Asubuhi aliyoichora alisema ni gari. Jioni, alipomwonyesha mama yake, alisema ni bibi amelala. Wiki moja baadaye aliikuta mezani, akaitazama kwa muda mrefu huku ameinamisha kichwa, akasema, "Imekauka."